Siasa za Kadiri: Eliud Mathu katika Baraza la Kutunga Sheria, 1944–1957

Kiswahili kina maneno mawili ambayo aghalabu hutumika kumweleza mwanasiasa asiyependa kupita mpaka: wastani na kadiri. Yote mawili yana asili ya Kiarabu. La kwanza latokana na dhana ya katikati, na la pili latokana na dhana ya kipimo. Wasemaji wengi huyachukua kuwa visawe, na katika mazungumzo ya kila siku hapana hasara. Katika siasa, hata hivyo, tofauti yake ni kubwa. Aliye katikati huhitaji pande mbili ili awe hapo alipo, na pande hizo zikisogea, naye huwa amesogezwa hata kama hajanyanyua mguu. Mwenye kadiri ana kipimo chake mwenyewe, na huweza kubaki nacho ilhali wenzake wote wamehama. Historia ya mabunge ina watu wengi waliojiona wana kadiri huku umma ukiwaona kuwa wapo katikati tu, na hatima yao ikaamuliwa na jinsi walivyoonekana.

Makala haya yanamwangazia mmoja wao, Eliud Wambu Mathu, Mwafrika wa kwanza kuketi katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya. Vitabu vya historia vya shule humtaja kwa sentensi moja, yaani mwaka wa kuteuliwa kwake, kisha hukimbilia Hali ya Hatari na mkutano wa Lancaster. Sentensi hiyo ni ya kweli lakini inaficha miaka 13 ya kazi ambayo ndani yake twaweza kusoma, hatua kwa hatua, namna siasa za kadiri zinavyopata nguvu na namna zinavyoishiwa.

Kiti kimoja

Baraza la Kutunga Sheria lilikutana kwa mara ya kwanza mwaka 1907. Kwa muda wa miaka 37 hapakuwa na Mwafrika ndani yake. Walowezi wa Kizungu walipata haki ya kuwachagua wajumbe wao mwaka 1920, na Wahindi na Waarabu wakatengewa viti vyao katika muongo huo huo. Mwaka 1923 serikali ya Uingereza ilitangaza, katika waraka uliopewa jina la Devonshire, kwamba maslahi ya Waafrika ndiyo yatakayotangulizwa nchini Kenya. Kutangulizwa kwenyewe kulikuwa huku: mwaka uliofuata Dkt. John Arthur, mmishenari wa Kanisa la Skotlandi, aliteuliwa kuwasemea Waafrika Barazani. Baada yake wakafuata wachungaji wengine wa Kizungu. Wengine miongoni mwao walikuwa watu wema waliozijua lugha za wenyeji barabara. Lakini wema wa msemaji haukubadilisha ukweli kwamba mtu mzima mwenye akili timamu alikuwa akisemewa kama mtoto.

Mnamo Oktoba 1944 Gavana Sir Henry Moore alimteua Mathu. Alikuwa na umri wa miaka 34 hivi. Alizaliwa mwaka 1910 huko Riruta, viungani mwa Nairobi, eneo ambalo mashamba ya Waafrika na ya walowezi yalikuwa yakitazamana. Alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa mwanzo wa Shule ya Upili ya Alliance iliyofunguliwa mwaka 1926, akafundisha hapo, akaenda Fort Hare nchini Afrika Kusini, na baadaye Exeter na Chuo cha Balliol, Oxford. Aliporejea aliendelea na ualimu. Ualimu wake wenyewe ulikuwa darasa la siasa, kwani mwalimu Mwafrika aliyehitimu chuo kikuu hakulipwa sawa na Mzungu mwenye kazi hiyo hiyo. Hatimaye aliondoka Alliance akaenda kuongoza shule ya Waafrika katika eneo la Dagoretti.

Mtu wa namna hiyo alionekana na serikali kuwa salama. Alikuwa Mkristo, msomi, mwenye Kiingereza kilichonyooka na adabu za Oxford. Hapa ndipo penye jambo ambalo wataalamu wa semantiki wangelipenda. Katika lugha ya wakoloni Waafrika waliojihusisha na siasa waligawanywa makundi mawili: wenye busara na wachochezi. Mwenye busara hakutambulishwa kwa yale aliyoyataka. Alitambulishwa kwa namna alivyoyaomba. Ombi lile lile la ardhi likitolewa Barazani kwa Kiingereza cha taratibu lilikuwa hoja, na likitolewa uwanjani mbele ya umati lilikuwa uchochezi. Mathu alilielewa hilo mapema, na kwa muda mrefu alilitumia kwa manufaa.

Kiti kimoja hakitoshi bila watu nyuma yake. Katika mwezi ule ule wa Oktoba 1944 wasomi wa Kiafrika jijini Nairobi waliunda chama cha kumuunga mkono, KAU, mwenyekiti wake wa kwanza akiwa Harry Thuku. Katibu wake alikuwa Francis Khamisi, mwanahabari wa gazeti la Kiswahili la Baraza. Serikali haikupenda jina la chama hicho na ikashinikiza liongezwe neno la masomo, kikawa KASU, kana kwamba Waafrika wangekutana kusoma tu na kurudi nyumbani. Mwaka 1946 neno hilo liliondolewa. Chama kilikuwa na gazeti lake la Kiswahili, Sauti ya Mwafrika. Basi mjumbe alisema kwa Kiingereza ndani ya Baraza, na watu waliomtegemea wakajadiliana juu ya mambo hayo hayo kwa Kiswahili na kwa lugha zao nyingine nje yake.

Neno mjumbe lenyewe linafaa kuangaliwa. Mjumbe ni mtu aliyetumwa. Msemo wa wahenga kwamba mjumbe hauawi unachukulia kuwa pande zote mbili zinamjua aliyemtuma na ujumbe alioubeba. Kwa Mathu swali hilo halikuwa na jibu jepesi. Aliyetia saini uteuzi wake ni gavana. Waliomhesabu kuwa wao ni Waafrika wa makabila yote, ambao hawakumpigia kura kwa kuwa hawakuwa na kura. Kisheria alitumwa na serikali kwa watu, na kwa matumaini ya watu alitumwa nao kwa serikali. Kwa miaka kadhaa aliweza kuzibeba jumbe zote mbili kwa pamoja.

Hoja na hesabu

Ili kuielewa kazi yake ni lazima kuielewa hesabu ya Baraza. Sensa ya mwaka 1948 ilionyesha kwamba Waafrika nchini Kenya walizidi milioni 5, ilhali Wazungu hawakufika 30,000. Katika Baraza la mwaka huo huo Wazungu waliochaguliwa walikuwa 11, Wahindi 5, Waarabu 2, na Waafrika 4, ambao wote waliteuliwa. Kabla ya hapo hesabu ilikuwa mbaya zaidi. Mwanzoni Mathu aliketi pamoja na mchungaji Leonard Beecher, aliyekuwa bado anahesabiwa mwakilishi wa Waafrika, hadi nafasi hiyo nayo ilipokuja kushikwa na Mwafrika. (Beecher huyu ndiye aliyeongoza kamati ya elimu ya mwaka 1949, ambayo ripoti yake iliwaudhi mno Waafrika waliokuwa na shule zao za kujitegemea.)

Mjumbe asiyeweza kushinda kura hata moja ana silaha tatu: swali, hoja na kumbukumbu za mjadala. Swali humlazimisha afisa wa serikali ajibu hadharani jambo ambalo angependelea libaki katika faili. Hoja, hata ikianguka, huwalazimu wapinzani kuzitaja sababu zao. Na kumbukumbu za Baraza husomwa London, walikokuwa wabunge wa chama cha Leba, kilichotwaa serikali mwaka 1945, wenye masikio tofauti na yale ya walowezi. Uzuri wa siasa za kadiri umo humo. Mwenye kupaza sauti mno huwapa wapinzani wake nafasi ya kuizungumzia sauti yake, ilhali mwenye kuuliza swali kwa utaratibu huwaacha hawana cha kuzungumzia ila swali lenyewe.

Mambo aliyoyasukuma yalikuwa yale yale ambayo wale walioitwa wachochezi waliyasukuma: ardhi iliyotwaliwa, elimu, uwakilishi, mshahara na kipande. Hili la kipande linastahili kupewa nafasi. Kila Mwafrika mwanamume wa umri wa kazi alilazimika kubeba cheti chenye alama za vidole na maelezo ya mwajiri wake, na wengi walikining'iniza shingoni katika kikebe cha bati. Baada ya vita malalamiko yalizidi, na sheria ya mwaka 1947 ikaagiza watu wa rangi zote waandikishwe kwa mfumo mmoja. Walowezi walipogundua kwamba nao watapakwa wino vidoleni, walikasirika kupita kiasi. Iliundwa tume chini ya Sir Bertrand Glancy, na mwaka 1950 ikapendekeza njia ya kuwaepusha na alama za vidole wale wawezao kujaza fomu kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa isimujamii atautambua mara moja ujanja wa suluhisho hilo. Rangi ilitolewa mlangoni ikarudishwa dirishani kwa jina la lugha. Mtu kama Mathu angeweza kupita katika mlango huo bila taabu. Mkulima aliyekuwa akimwakilisha asingeweza.

Tukio lililoonyesha nguvu ya Mathu kwa ukamilifu, na pia mpaka wa nguvu hiyo, ni mgomo wa Mombasa wa Januari 1947. Makuli wa bandarini, wafanyakazi wa reli, wapishi na watumishi wa majumbani waliacha kazi kwa pamoja, idadi yao ikikadiriwa kufika 15,000. Mji ulisimama. Wagomaji walikutana kila siku katika uwanja walioupa jina la Kiwanja cha Maskini, na lugha iliyowaunganisha watu hao wa makabila mengi ilikuwa Kiswahili. Serikali haikupata mtu wa kuzungumza naye, kwa maana wagomaji hawakuwaamini maafisa na maafisa hawakutaka kuwatambua viongozi wa mgomo. Mathu alisafiri hadi Mombasa, akasimama mbele ya umati, na akawasihi warudi kazini kwa ahadi kwamba jopo litaundwa kuchunguza mishahara. Mgomo ukaisha baada ya siku 12.

Ahadi ilitimizwa. Jopo liliundwa chini ya Jaji Thacker, na wafanyakazi wengi wakapata nyongeza. (Jina hilo halipaswi kumpita msomaji hivi hivi. Thacker ndiye aliyekuja kumhukumu Jomo Kenyatta huko Kapenguria.) Kwa kipimo chochote cha haki haya yalikuwa mafanikio ya mtu wa kadiri. Damu haikumwagika, na mshahara uliongezeka. Lakini itazamwe pia hatima ya Chege Kibachia, kiongozi wa chama cha wafanyakazi kilichozaliwa katika mgomo huo. Kabla ya mwaka 1947 kwisha alikuwa amekamatwa na kuhamishiwa Baringo, alikozuiliwa kwa takriban miaka 10. Mathu alipata sikio la serikali kwa sababu Kibachia alikuwepo. Kama pasingalikuwa na umati wa Kiwanja cha Maskini, hakuna afisa ambaye angeona haja ya kumwita mjumbe wa Riruta aende kuutuliza. Serikali ilimshukuru mmoja ikamfunga mwingine, ilhali ni wote wawili kwa pamoja waliouleta ule ushindi.

Hapa yafaa kusema waziwazi jambo ambalo waandishi wengi wa wasifu wa wanasiasa wa wastani hulikwepa. Mtu wa katikati huishi kwa mkopo wa wale walio pembeni. Hofu wanayoitia wao ndiyo anayoitumia yeye mezani. Akiwakana kabisa anaufuta mtaji wake mwenyewe, na akiwakumbatia anaufunga mlango aliofunguliwa. Mathu aliliweza jambo hili gumu kwa karibu miaka minane, muda ambao ni mrefu kuliko wengi wangeuweza.

Kenyatta arudi

Septemba 1946 Jomo Kenyatta alirejea kutoka Uingereza baada ya kukaa huko tangu mwanzo wa miaka ya 1930. Gavana Sir Philip Mitchell, aliyempokea Moore kiti, hakuwa tayari kumwingiza Barazani, na alimshauri aanzie katika baraza la wenyeji la Kiambu. Ushauri huo ulikuwa na matokeo ambayo Mitchell hakuyaona. Kwa kumfungia Kenyatta mlango wa Baraza, alimwachia uwanja wote wa nje. Juni 1947 Kenyatta alikuwa rais wa KAU, chama kilichoundwa ili kumsaidia Mathu. Tangu hapo mpangilio uligeuka kimya kimya. Mwanzoni chama kilikuwa nyuma ya mjumbe. Sasa mjumbe alikuwa mmoja wa watu wa chama, na si mkubwa wao.

Hapakuwa na ugomvi wa hadharani kati yao, na pengine hapakuhitajika kuwa nao. Kila mmoja alifanya kazi ambayo mwingine asingeweza kuifanya. Kenyatta alikuwa na mikutano na umati, Mathu alikuwa na kumbukumbu za Baraza. Kasoro ni kwamba kazi ya mmoja ilionekana na ya mwingine haikuonekana. Mkulima wa Murang'a aliyemsikia Kenyatta kwa masikio yake Jumapili hakuwa na njia ya kujua ni swali gani liliulizwa Nairobi siku ya Jumanne kwa lugha asiyoifahamu. Tatizo la lugha katika uwakilishi halikuwa pambo la mjadala. Lilimnyima mjumbe mashahidi wa kazi yake.

Hali ya Hatari

Mwaka 1952 Mathu alipandishwa ngazi iliyokuwa haijafikiwa na Mwafrika yeyote, akateuliwa katika Halmashauri ya Utendaji iliyomshauri gavana. Ni vigumu kufikiria wakati mbaya zaidi wa kupewa heshima hiyo. Kiapo cha Mau Mau kilikuwa kimeenea. Tarehe 24 Agosti mwaka huo ulifanyika mkutano mkubwa wa hadhara Kiambu, ambapo viongozi wa Agikuyu, Kenyatta na Mathu miongoni mwao, walikusanyika mbele ya maelfu ya watu kukikana kiapo. Tarehe 7 Oktoba Chifu Mkuu Waruhiu aliuawa kwa risasi. Tarehe 20 Oktoba Gavana Sir Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari, na Kenyatta akakamatwa. Juni 1953 KAU ilipigwa marufuku.

Kwa Mathu tangazo hilo lilikuwa na maana ya pekee. Alikuwa amesimama baina ya serikali na vuguvugu la watu wake, na kwa usiku mmoja serikali iliufuta uhalali wa upande mmoja. Kuanzia hapo palibaki majina mawili tu ya Mgikuyu katika kamusi ya utawala: mtiifu na gaidi. Wale waliokuwa msituni nao walikuwa na majina yao mawili. Neno la tatu halikuwepo kwa upande wowote, na mtu aliyejenga maisha yake yote ya kisiasa juu ya neno la tatu alijikuta hana pa kusimama. Angelalamikia mateso ya raia, angehesabiwa kuwa anawaonea huruma wauaji. Angenyamaza, angehesabiwa kuwa amewauza ndugu zake. Maelfu ya watu walikuwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani, vijiji vizima vikahamishwa na kuzungushiwa mitaro, na mjumbe wao wa pekee aliyejulikana kwa jina alikuwa akionekana akiingia na kutoka katika ofisi za gavana.

Serikali kwa upande wake haikumlipa kwa ustahimilivu wake. Waziri wa Makoloni, Oliver Lyttelton, alipoleta katiba mpya mwaka 1954 iliyompa Mwafrika nafasi moja ya uwaziri, nafasi hiyo alipewa B. A. Ohanga wa Nyanza. Mgikuyu, hata awe wa kadiri namna gani, alikuwa mtuhumiwa kwa kabila lake. Mshika mbili moja humponyoka, wasema Waswahili. Mathu zilimponyoka zote mbili, na si kwa ulegevu wa mkono wake.

Kura ya Machi 1957

Uchaguzi wa kwanza wa wajumbe Waafrika ulifanyika Machi 1957 chini ya masharti yaliyopendekezwa na Walter Coutts. Haukuwa uchaguzi wa kura moja kwa kila mtu. Mpiga kura alipimwa kwa elimu, mapato, mali, umri na utumishi wake, na aliyetimiza masharti mengi aliweza kuwa na kura hadi tatu. Kwa Agikuyu, Aembu na Ameru paliongezwa sharti jingine, cheti cha utiifu. Waliokuwa vizuizini au walioshukiwa hawakuwa na kura. Aidha vyama vya nchi nzima vilikuwa vimekatazwa, vikaruhusiwa vya wilaya pekee, na katika Mkoa wa Kati hata hivyo havikuruhusiwa.

Yatazamwe matokeo yake kwa Mathu. Wapiga kura wengi ambao huenda wangemkumbuka kwa kazi ya kipande na ardhi walikuwa nyuma ya seng'enge. Huko Meru, ambako vita havikuwa vikali kama Kiambu na Murang'a, watu wengi zaidi walipata vyeti, na kwa hiyo Meru ikawa na uzito mkubwa kuliko idadi ya watu wake katika jimbo. Mshindi akawa Bernard Mate, mwalimu kutoka Meru. Ni kejeli ya historia kwamba mtu aliyeitwa kibaraka na baadhi ya watu wake aliangushwa kwa sheria iliyoundwa na serikali ile ile aliyodaiwa kuitumikia.

Hata hivyo ingekuwa makosa kuilaumu sheria peke yake. Takriban wote walioteuliwa kabla ya hapo waliangushwa, hata katika majimbo yasiyokuwa na cheti cha utiifu. Ohanga, waziri, alishindwa na Oginga Odinga katika Nyanza ya Kati. W. W. W. Awori alishindwa na Masinde Muliro katika Nyanza ya Kaskazini. Daniel arap Moi, aliyeingia Barazani mwaka 1955 kwa kuteuliwa, ni miongoni mwa wachache sana waliorudi. Mpiga kura wa mwaka 1957 alikuwa akipewa kura kwa mara ya kwanza, na mtu aliyeteuliwa na gavana, kwa kazi yoyote aliyoifanya, alikuwa na harufu ya gavana.

Wanane waliochaguliwa walianza kazi kwa namna ambayo Mathu hakuwahi kuijaribu. Walikataa kushika nyadhifa za uwaziri na wakadai viti 15 zaidi. Walipewa 6, wakaendelea kukataa. Tom Mboya na wenzake walionyesha kwamba mwenye kura ana silaha ya nne juu ya zile tatu za mteuliwa, nayo ni kugoma kushiriki. Yafaa kukumbuka, lakini, kwamba kugoma huko kulikuwa na maana kwa sababu palikuwa na viti vya Waafrika vya kugomewa, na viti hivyo havikuanguka kutoka mbinguni. Kutoka kimoja mwaka 1944 vilikuwa vimefika vinne mwaka 1948, na sita chini ya katiba iliyopangwa mwaka 1951.

Upande wa pili wa Baraza palikuwa na mtu aliyepatwa na jambo linalofanana. Michael Blundell, mlowezi na mkulima, alikubali katika mkutano wa Lancaster wa mwaka 1960 kwamba Waafrika watakuwa wengi Barazani. Aliporejea Nairobi walowezi wenzake walimrushia vipande 30 vya fedha uwanjani, kumlinganisha na Yuda. Blundell na Mathu hawakuwa na itikadi moja wala maslahi mamoja, ila kila mmoja alihukumiwa na jamaa zake kwa kosa la kuketi na upande wa pili na kusikiliza.

Baada ya kushindwa Mathu hakurudi tena kugombea kwa mafanikio. Alifanya kazi katika Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa barani Afrika, na baada ya uhuru akaitwa na Rais Kenyatta kufanya kazi Ikulu, ambako alikuwa msimamizi kwa miaka mingi. Jack Roelker aliandika juu yake kitabu cha Kiingereza kilichotoka mwaka 1976, ambacho kimebaki rejeleo la lazima kwa anayetaka kumchunguza.

Mnamo Julai 1974 Kenyatta alitangaza kwamba Kiswahili ndicho kitakachotumika katika mijadala ya Bunge. Wabunge waliosifika kwa ufasaha wa Kiingereza walijikuta wakitafuta maneno, ilhali miswada iliyokuwa mbele yao iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Katiba ya mwaka 2010 imezitaja lugha tatu za Bunge, Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Hotuba za Mathu zimo katika kumbukumbu za Baraza kwa Kiingereza alichozitolea. Ili kujua zilivyowafikia watu wa wakati wake, mtafiti wa Kiswahili hana budi kufungua kurasa za Baraza na Sauti ya Mwafrika za miaka ya 1944 hadi 1952, na kuangalia ni neno gani wahariri wake walilitumia kumweleza mjumbe asiyekuwa mchochezi wala kibaraka: wastani, kadiri, mpole, mtiifu, au jingine ambalo kamusi zetu zimelisahau.